Zaidi ya "Ndiyo Mama": kumsaili dada atakayeishi na mtoto wako

Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi waliokusanyika kwenye ukumbi wa kanisa letu, Kimara, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaongeza machache ambayo muda haukuyatosha.

Wakubwa wangu, shikamooni. Akina mama wenzangu, akina baba mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na ninyi mabinti mlio na wachanga mgongoni, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya kumsaili dada wa kazi, yule atakayelala nyumbani kwako na kubaki na mtoto wako wewe ukiwa kazini. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto, na wanaoleta watoto kliniki si mama zao peke yao. Asubuhi nyingi benchi letu hujaa mabinti wa kazi, kadi ya mtoto mkononi, khanga begani. Ukimuuliza mmoja wao mtoto amekula nini jana, anakutajia mlo kwa mlo. Ukimpigia simu mama mwenyewe umuulize swali hilohilo, mara nyingi anasema, "Ngoja nimuulize dada." Kwa hiyo ninaposema juu ya mabinti hawa nasema juu ya watu ninaowaheshimu, na lile jina la kuwadharau, "beki tatu", naomba tuliache nje ya mlango wa ukumbi huu.

Nianze na kosa langu.

Mwaka 2009 nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na zamu za usiku. Dalali wa mabinti wa kazi akanipigia simu kwamba basi la Singida limeingia Ubungo na binti yupo. Nikaenda. Nilimsaili tumesimama, yeye na mfuko wake wa rambo, mimi na funguo mkononi. Unapenda watoto? "Ndiyo mama." Unajua kupika uji? "Ndiyo mama." Utavumilia kazi? "Ndiyo mama." Una miaka mingapi? Hilo alijibu dalali: kumi na tisa. Dakika kumi hazikufika. Mwezi uleule nilikuwa nimenunua friji Kariakoo, na kwa friji ile nilizunguka siku nzima, nikauliza waranti, nikafungua milango, nikasikiliza mota.

Wiki ya tatu mtoto alivuta kikombe cha uji kikamwagikia mkono. Binti alimpaka dawa ya mswaki, kwa sababu kwao ndivyo walivyofanya siku zote, kisha akamvalisha shati la mikono mirefu mpaka niliporudi. Hakunipigia simu. Aliogopa kupigwa. Na mimi ndiye ambaye kila wiki nilikuwa nasimama kliniki kuwaambia akina mama: moto ukimuunguza mtoto, weka maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, usipake mafuta, usipake dawa ya mswaki, kisha mlete. Niliwafundisha watu nisiowajua, sikumfundisha mtu niliyemkabidhi mwanangu. Alama ile ipo mpaka leo. Siku ile nilimlaumu binti kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, na hilo linaniuma kuliko alama. Baadaye mama yake alipokuja kumchukua nikajua alikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nimemwacha mtoto na mtoto mwenzake.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi: yale majibu ya "ndiyo mama" yalitoka wapi? Nimepata jibu moja, na ndilo lililonileta mbele yenu. Binti aliyeshuka basi jijini, hana ndugu, hana nauli ya kurudi, hawezi kusema hapana. Ukimuuliza kama anajua kupika ndege wa angani atasema ndiyo. Kumsaili mtu asiyeweza kukataa ni kupoteza muda wenu wote wawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaili ni kumfungulia mlango wa kukataa. Ongea naye kwa simu kabla hajapanda basi. Ongea na mama yake au mlezi wake, umsikie kwa sauti yake, si kwa mdomo wa dalali. Taja mshahara siku hiyohiyo, akiwa bado kwao. Na akifika, kabla ya swali lolote, mpe chai, aoge, apumzike, kisha mwambie: "Nauli yako ya kurudi hii hapa, ni yako hata tusipoelewana." Weka fedha mezani. Utaona mabega yanavyoshuka. Kuna mama mmoja aliniambia hiyo ni kutupa fedha, binti atachukua nauli aondoke. Nikamwambia, akiondoka leo kwa nauli ya basi, amekuokoa na kuondoka wiki ya pili wewe ukiwa ofisini.

Halafu sasa maswali. Usimuulize sifa zake. Hakuna atakayekuambia yeye ni mvivu au ana hasira. Muulize siku. "Nieleze siku moja katika nyumba uliyotoka, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa sisi tunaoamrisha nyumbani, lakini nyamaza. Atakueleza: niliamka saa kumi na moja, nikafagia uwanja, nikachemsha maji, nikafua. Wewe sikiliza mtoto anaingia saa ngapi kwenye hadithi. Mwingine atakueleza siku nzima, vyombo, nguo, sokoni, na mtoto hatajwi kabisa, ingawa anasema alikuwa akilea. Mwingine katika sentensi ya tatu anasema, "Halafu Junia anaamka, yeye akiamka hataki kushikwa kwanza, anataka akae kidogo." Huyo amemwona mtoto. Hilo neno moja, "anataka akae kidogo," lina thamani kuliko barua ya sifa kurasa mbili.

Asiyewahi kufanya kazi muulize siku ya nyumbani kwao. Nani alikuwa anambeba mdogo wako mama akienda shamba? Mara ya mwisho mdogo wako kuugua ilikuwaje, mlijuaje anaumwa, mlifanya nini? Mabinti wengi wa Iringa, Kigoma, Tanga, Singida wamelea wadogo zao kabla ya kulea wa kwetu, ila hakuna anayewauliza, nao hawajui kwamba ule ni ujuzi.

Baada ya swali la siku, mpe matukio. Mimi nina matatu ninayoyatumia kila mara.

La kwanza: mtoto analia saa nzima, umembeba, umemlisha, umembadilisha, bado analia, na wewe umechoka. Utafanyaje? Hapa sikilizeni vizuri, maana nimeona matokeo yake kliniki. Kuna atakayesema, "Nitampa dawa ya mafua alale." Wapo wanaofanya hivyo, na wapo akina mama waliowafundisha. Dawa ya kumlaza mtoto mchanga inaweza kumzimisha pumzi. Kuna atakayesema, "Nitamnyamazisha," na mkono unaonyesha kutikisa. Ubongo wa mchanga hauvumilii kutikiswa. Jibu ninalolitafuta ni la yule anayesema nitamlaza mahali salama nitoke nje kidogo nipumue, au nitakupigia, au nitamwita jirani. Anayekiri kwamba kilio kinamchosha ni salama kuliko anayesema yeye hachoki kamwe.

La pili: mtu anagonga geti, anasema ametumwa na baba mwenye nyumba achukue kitu au amchukue mtoto. Hili fupi, anajua au hajui, na likikosewa linafundishika.

La tatu: mtoto amepaliwa na karanga, au amekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Hapa simtegemei ajue. Namtegemea aseme, "Sijui mama, ningekupigia simu." Kisha nafundisha palepale, kwa mdoli au kwa mto. Aliyepaliwa akiwa chini ya mwaka mmoja, hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini ya kiwiliwili, mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara tano, kama hakijatoka mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, rudia huku mnaita msaada. Aliyekunywa mafuta ya taa: usimtapishe, yakipanda yanaingia mapafuni, kimbia naye hospitali. Binti akikurudishia hayo kwa mikono yake, umepata jibu la swali ambalo hukuuliza, kama anafundishika.

Sasa mlete mtoto sebuleni. Watu wengi hutazama kama mtoto anamkimbilia. Wala msitazame hilo. Mtoto wa miezi minane au tisa humlilia mgeni, ndiyo afya yake. Mtazame binti anapokataliwa. Anamnyakua kwa nguvu aonekane anapendwa? Anaona aibu anaacha kabisa? Au anakaa chini sakafuni, anashika kikopo, anasubiri? Nimeona binti aliyesubiri dakika ishirini bila kusema neno, akipanga vifuniko vya soda kimoja juu ya kingine. Mtoto alimfuata mwenyewe.

Umri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na sheria zetu zinakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kati ya hapo sheria inaruhusu kazi nyepesi zisizomdhuru wala kumzuia shule. Mimi nawaambia wazi, kubaki peke yako na mchanga kutwa nzima na kulala nyumba ya watu si kazi nyepesi. Chini ya 18, mwacheni arudi shule. Na msitegemee jibu la "kumi na tisa". Aliye na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, akionyeshe, umrudishie mkononi, usikifungie kabatini. Asiye nacho muulizeni: ulimaliza darasa la saba mwaka gani? Rais Magufuli alipofariki, Machi 2021, ulikuwa darasa la ngapi? Msiba ule kila mtoto wa shule anaukumbuka. Akisema darasa la nne, usaili umekwisha, mpe ile nauli. Ukihisi kuna mtu anasafirisha watoto kwa kazi, Simu ya Mtoto ni 116, bure.

Kuhusu kupimwa. Nimeletewa kliniki mabinti wa kazi na mwajiri amesimama pembeni, anataka binti apimwe Virusi vya UKIMWI na mimba, na majibu apewe yeye. Huwa nakataa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima virusi hivyo, na majibu ni yake. Tena kumbeba mtoto, kumlisha na kumwogesha hakuambukizi. Kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, mpeleke akapimwe kifua kikuu kama ambavyo ungempeleka mdogo wako, na akiwa nacho atibiwe, matibabu yake ni bure.

Mdhamini nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. Ukimpigia mwajiri wa zamani, baada ya kuuliza tabia, uliza hivi: "Alipoondoka, mlikuwa mmemlipa mshahara wote?" Wengi watasita. Mtu anayedaiwa miezi mitatu na binti ana kila sababu ya kukuambia binti ni mwizi. Nimewasikia kwa masikio yangu.

Sasa nageukia upande wa pili wa meza, maana hapa ndipo tunapokuwa wazito. Yeye anahamia kwako. Wewe unaajiri mtu wa mchana, yeye anapoteza nyumba ya usiku. Ana haki ya kujua atalala wapi. Msimwambie, mwonyesheni. Kitanda, chandarua, mahali pa kuweka nguo zake, na mlango unaofungwa kwa ndani. Kwenye nyumba yetu pana shemeji, pana wapwa wakubwa wanaokuja likizo. Mlango usiofungwa siwezi kumpa binti wa mtu. Akina baba, nawaangalia ninyi kwa upendo: komeo ni shilingi elfu chache dukani kwa Mpemba pale kona. Lifungeni kabla hajafika.

Saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Hebu tuhesabu pamoja. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa nne usiku. Ni saa 17. Kwa siku saba ni 119. Nani kati yetu angemwachia mtoto wake nesi aliye na saa 119 kwa wiki? Mimi zamu ya saa 12 ikiisha mikono inatetemeka nikivuta dawa kwenye sindano. Kwa hiyo mbele yake mseme: usiku mtoto ni wetu, si wako. Mchana mtoto akilala na wewe unalala, vyombo vitangoja. Jumapili ni yako tangu asubuhi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kama hamwezi kusema hivyo, semeni kile mnachoweza, lakini kiwe kweli, asije akakigundua wiki ya pili.

Mshahara: amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa anayelala kwake. Kabla yake, tangu 2013, wa kulala ndani alikuwa 40,000. Viwango hupitiwa upya, waulizeni ofisi ya kazi kabla ya kutaja namba. Lakini hicho ni kima cha chini, ni sakafu, na anayebaki na mtoto wako hastahili kulala sakafuni. Fedha ya dalali msiikate kwenye mshahara wake. Mshahara uingie kwenye laini yake mwenyewe, tarehe inayojulikana, hata kama baba yake amepiga simu akiomba utumwe kwake. Na simu ibaki mkononi mwake. Yule wa 2009 angekuwa na simu na vocha ya shilingi mia tano na ruhusa ya kunipigia, mwanangu angepata maji ya baridi. Yote haya yaandikeni kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua yeye. Chama cha CHODAWU kinasimamia wafanyakazi wa majumbani. Mwambieni kwamba kipo, msiogope.

Muda wa kuanza. Likizo ya uzazi ni siku 84, na wengi wetu tunaianza wiki nne kabla ya kujifungua, kwa hiyo unarudi kazini mtoto ana wiki nane tu. Sheria inakupa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, zidaini. Ukianza kutafuta dada wiki ya mwisho, utamchukua wa kwanza atakayeshuka basi. Anza mapema, ukae naye wiki mbili wewe ukiwepo, na wiki hizo zilipwe. Mfundishe kumlisha maziwa yako uliyokamua kwa kikombe kidogo, mtoto ameinuliwa, kidogo kidogo. Kwa joto la Dar, maziwa yaliyo nje ya friji yasikae zaidi ya saa nne tangu yakamuliwe.

Nimalize na dada tuliye naye sasa. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka mitatu na ana mkono mwepesi. Binti alitusikiliza, akaeleza siku yake, akaangalia chumba, akajaribu komeo. Nikamuuliza kama ana swali. Akakaa kimya, akaitazama ile nauli mezani, kisha akasema, "Mama, mtoto wenu akinipiga, mimi nifanyeje?"

Katika miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama mimi. Tulimwomba atusubiri, tukatoka uani, tukasimama karibu na simtanki tukaongea kwa muda mrefu, maana ukweli ni kwamba mtoto yule alikuwa akimpiga dada aliyetangulia na sisi tulikuwa tukicheka. Tukarudi ndani. Mume wangu ndiye aliyejibu. Alimwambia, "Mshike mkono, mwambie hapana, na sisi tukiwepo tutamwambia hapana kabla yako. Hatutacheka."

Binti akafikiri kidogo. Akachukua ile nauli, akaikunja, akamrudishia mume wangu kwa mikono miwili, akauliza mtoto anaamka saa ngapi.

Asanteni kwa kunisikiliza.